Michango ya Hiari kwa Mazingira ya Moshi, Nje ya Soko la Kaboni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu yeyote anayetaka kuchangia kazi za mazingira katika vijiji na mitaa ya Moshi, mkoani Kilimanjaro: mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, Uru au Kibosho, mpangaji wa Majengo mjini, mwana wa Kilimanjaro anayeishi Dar es Salaam, mwenye hoteli, mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Sisi ni kikundi cha majirani tunaotunza vyanzo vya maji upande wa kusini wa mlima, na haya ndiyo tunayoulizwa kila tukisimama kwenye mkutano wa kijiji.

Mnachangisha kwa ajili ya kazi gani?

Kazi za karibu, ambazo aliyetoa anaweza kwenda kuzitazama kwa miguu. Kuzungushia chemchemi uzio ili ng'ombe wasiingie kukanyagakanyaga. Kuotesha miti ya asili kandokando ya kijito na kuitunza mpaka ijitegemee. Kuzibua mfongo, yaani mfereji wa maji, uliojaa mchanga baada ya masika. Kuchimba makingamaji na kuotesha majani ya matembotembo kwenye shamba la mteremko. Mjini, kuzoa taka kwenye mitaro inayomwaga maji mtoni. Mchango uliotolewa kwa ajili ya chemchemi fulani unatumika kwenye chemchemi hiyo. Ukibaki, mkutano ndio unaoamua uende wapi, si viongozi peke yao.

Je, hii ndiyo ile biashara ya kaboni? Nikichanga, mgawo unatoka lini?

Siyo, na hakuna mgawo. Tunapenda mtu alijue hilo kabla hajatoa hata shilingi mia.

Kwenye biashara ya kaboni mradi unapimwa, na kila tani moja ya hewa ukaa iliyofyonzwa na miti, au iliyozuiwa isiende angani, inageuzwa cheti. Cheti kinauzwa kwa kampuni, mara nyingi ya nje, nayo inakihesabu kama fidia ya moshi wake yenyewe. Mchango wa hiari hauna cheti wala mnunuzi. Unatoa fedha, nguvu au vifaa, kazi inafanyika. Faida yake ni maji, udongo unaobaki shambani, kivuli, na mtaro usiofurika, na inamfikia kila anayeishi hapo, aliyechanga na asiyechanga.

Akija mtu kijijini na karatasi, akasema ukisaini utalipwa dola kwa kila mti ulio kihambani kwako, usisaini siku hiyo. Mwombe apite kwanza ofisi ya kijiji na halmashauri. Tangu 2022 Tanzania ina mwongozo wa biashara ya kaboni, na miradi yake inapitia kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Asiyetaka kupita huko ana jambo analolificha.

Kwa nini msiingie tu kwenye soko? Wenzetu wanalipwa.

Wanalipwa kweli. Wapo Wahadzabe wa Bonde la Yaeda kule Mbulu, na vipo vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vinavyotunza misitu yao. Tunawapongeza, na hatuna ugomvi na soko. Lakini wenzetu hao wana ardhi pana ya pamoja, inayopimwa kwa mkupuo na kusimamiwa na kijiji kizima. Huku kwetu ardhi ni vihamba. Babu aliwagawia wanawe, wanawe wakawagawia wajukuu, na leo unavuka vihamba vya ndugu watatu bila kutoka jasho. Kupima kaboni kwenye vipande mamia, kila kimoja na mwenyewe, kisha kuleta wakaguzi na kuwaita tena miaka inayofuata, ni gharama inayoweza kumeza mapato yote kabla hayajamfikia mama mwenye migomba.

Lipo jambo gumu zaidi. Soko linataka uthibitishe kwamba miti hiyo isingekuwepo bila fedha zake. Wachagga wamefuga miti kihambani vizazi na vizazi: mruka na mringaringa juu, migomba katikati, kahawa chini yake, ng'ombe zizini, samadi inarudi shambani. Huwezi kumwambia mnunuzi kwamba hayo yameletwa na hela yake. Na ule msitu mkubwa ulio juu yetu si wetu kuuuza. Ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro.

Halafu kuna kazi ambazo haziingii kabisa kwenye hesabu ya tani. Uzio wa chemchemi una tani ngapi? Mfongo uliozibuliwa je? Kwetu hizo ndizo kazi za kwanza. Tukifuata tani tutajikuta tunaotesha miti inayokua haraka na kuviacha vyanzo vya maji vikikauka. Hata Mkataba wa Paris wa 2015 haukufunga mlango huu: kifungu chake cha 6, kile kile kinachozungumzia masoko, kina kipengele cha 8 kinachotambua njia zisizo za soko.

Kampuni yangu inapandisha wageni mlimani. Nikichanga, naweza kutangaza kwamba safari zangu zimefidia hewa ukaa yake?

Tafadhali usitangaze hivyo. Hakuna aliyepima, na moshi wa ndege iliyomleta mgeni KIA haukufutwa na miche iliyooteshwa Old Moshi. Sema ulichofanya: umechangia uzio wa chemchemi na matunzo ya miti kwa miaka mitatu, katika kijiji hiki, kwa kiasi hiki. Maneno hayo ni ya kweli na mgeni akitaka anaweza kupelekwa akaone.

Mchangiaji mkubwa tunampa barua yenye maelezo ya namna hiyo. Tani hatuandiki, hata tukiombwa kwa upole. Vibao vya matangazo pia hatusimamishi kwenye chemchemi. Kila chemchemi ina jina lake la tangu zamani na ukoo unaoishi pembeni yake, na tunaona jina hilo linatosha.

Ni lazima kuchanga?

Si lazima. Ila tusichanganye mambo. Ada ya taka inatokana na sheria ndogo za halmashauri. Hiyo unalipa na unadai risiti. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni agizo la serikali. Mfongo nao una utaratibu wake wa wazee: anayetumia maji anatoka kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyetoka bila sababu anatozwa na wenzake. Mchango tunaouzungumzia hapa haumo katika hayo. Hakuna anayepaswa kunyimwa maji au barua ya utambulisho kwa sababu hakuchanga, na majina ya wasiochanga hayasomwi mahali popote. Mzee anayeishi peke yake kwa kutumiwa hela ya chumvi na mwanawe tunamwambia aweke hela yake mfukoni.

Sina fedha. Naweza kutoa nini?

Vingi, na baadhi ni adimu kuliko fedha. Samadi iliyooza vizuri, hata ndoo mbili. Guta la kubebea miche kwa asubuhi moja. Sufuria kubwa na kuni za kupikia siku ya kazi, maana watu waliochimba mashimo tangu saa moja asubuhi wanahitaji uji, na saa sita wanahitaji makande. Kipande cha ardhi kando ya kijito unachokubali kisilimwe tena. Mwenye simu nzuri apige picha za eneo kila mwezi kutoka palepale aliposimama mara ya kwanza. Fundi seremala anaweza kuchonga nguzo.

Wazee wanatoa kitu ambacho hakuna kitalu kinachokiuza: wanajua chemchemi ilipokuwa kabla haijafukiwa. Tumewahi kuchimba sehemu tusiyoitegemea kwa sababu bibi mmoja alisimama na fimbo yake akaonyesha mahali alipokuwa akichota maji akiwa msichana, penye mimea miwili ya isale iliyobaki. Chini ya tope palikuwa na mawe yaliyopangwa kwa mkono, na jioni yake maji yalikuwa yameanza kujikusanya.

Kwa nini mnatanguliza vyanzo vya maji?

Kwa sababu huko ndiko maisha ya Moshi yanakotoka. Wengi wanadhani maji yetu ni theluji inayoyeyuka kileleni, na kwamba barafu ikiisha basi tumekwisha. Barafu inaisha kweli: kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Lakini sehemu kubwa ya maji ya mito na chemchemi inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Upande wa kusini mvua nyingi zaidi hunyesha kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, katikati ya msitu. Majani, ndevu za miti na kuvumwani vinashika ukungu, matone yanadondoka, udongo unayanywa polepole, na siku nyingi baadaye yanatokea huku chini kwenye mito ya Rau, Karanga na Weruweru, yanaenda bwawa la Nyumba ya Mungu na mwisho Mto Pangani unayafikisha baharini.

Moto ukiunguza msitu wa juu, kinachopotea ni ule mtego wa ukungu. Oktoba 2020 moto ulipowaka mlimani, wanavijiji na wanafunzi walipanda kusaidiana na askari wa hifadhi kuuzima, wakiwa na matawi na mapanga. Huo nao ulikuwa mchango wa hiari, na mkubwa.

Sisi hatuna uwezo juu ya barafu. Uwezo tulionao ni kwenye zile mita chache zinazozunguka chemchemi na kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye miteremko yetu hilo lina uchungu wake, kwa sababu kuna familia ambayo kihamba chake chote kimo ndani ya mita hizo. Hatuendi pale na sheria mkononi. Tunakaa na mwenye kihamba, tunakubaliana kwamba mahindi na maharage yasogee juu, na kando ya maji abaki na majani ya ng'ombe na miti ya kudumu. Majani anakata, ng'ombe wanakula, udongo haulimwi. Mpango huo umeshika mahali ambapo vitisho vilishindwa, na sehemu ya michango inanunua vipando vya majani ya matembotembo au guatemala vya kumwanzishia.

Mnaotesha miti gani?

Kando ya maji ni miti ya asili: mkuyu, msesewe, mruka, mringaringa. Msesewe wazee wanaupenda zaidi kwa sababu gome lake linaingia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na mti wenye kazi nyumbani haukatwi ovyo. Mgrivea tunaupeleka mpakani mwa shamba, maana unatoa mbao na kuni. Kihambani watu wanaomba parachichi na hatuwakatalii. Mtu anayevuna atautunza.

Mkaratusi hatuoteshi karibu na chanzo cha maji, na mtu akituletea miche yake kwa moyo mwema tunamshukuru na kumwomba aipeleke sehemu kavu, mbali.

Miche inatolewa bure na serikali. Hela ya nini tena?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo sababu ya kikundi hiki kuwepo.

Ni kweli miche mara nyingi hupatikana bure kwenye vitalu vya serikali, hasa kuelekea Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili. Siku hiyo watu wanatoka kwa wingi, viongozi wanapigwa picha, mashimo yanajaa. Kisha masika yanaisha mwezi wa tano. Mche unabaki peke yake Juni hadi Oktoba, mvua za vuli zinakuja kwa kusuasua, halafu jua la Januari na Februari linaushukia. Mbuzi nao wapo. Ndiyo maana eneo lile lile linaoteshwa upya kila mwaka, na kila mwaka linahesabiwa upya.

Tunaomba fedha za miaka mitatu ya matunzo. Kijana wa palepale kijijini analipwa kuzunguka kila wiki wakati wa kiangazi. Analimia kwa mkono kuzunguka shina, anarundika majani makavu ya mgomba ili unyevu usipotee, na kuacha nafasi kidogo ili shina lisioze. Penye shida ya maji anafukia pembeni ya mche chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, mdomo chini, kifuniko kimetobolewa kwa sindano ya moto na kitako kimekatwa. Anaijaza, na maji yanadondoka taratibu mpaka kwenye mizizi. Mche ulioonekana umekufa anaukwaruza gome kwa ukucha. Chini pakiwa kijani anauacha na kuumwagilia. Pakiwa kahawia na pakavu anauandika kwenye daftari ili ubadilishwe masika yanayofuata.

Fedha nyingine inanunua miti ya uzio, waya na mche wa kubadilishia. Na viriba. Kila mche unakuja ndani ya kiriba cha plastiki, na siku ya kuotesha kwa haraka haraka utakuta vimezagaa kwenye kijito kile kile tulichokuja kukiponya. Kwetu kiriba kinachanwa kwa wembe kabla mche haujaingia shimoni, na kila mtu anarudisha viriba sawa na miche aliyopewa. Asiyerudisha anarudi kuvitafuta.

Kwa hiyo ukituuliza tumeotesha miche mingapi mwaka huu, tutakujibu, lakini tutakuomba uulize pia mingapi iliyooteshwa miaka mitatu iliyopita bado imesimama. Wengine wanaofanya kazi kama hii waulize hivyo hivyo.

Nipo Dar, nakuja nyumbani Desemba. Naweza kuotesha mti nikiwa hapo?

Tunajua ile furaha. Nyumba zimejaa, watoto wapo, kila mtu anataka kufanya jambo la kukumbukwa kabla ya kurudi. Lakini mti uliooteshwa wiki ya Krismasi unaingia moja kwa moja kwenye ukame wa Januari, na waliouotesha wamesharudi mjini. Bora Desemba itumike kwa mengine: kukubaliana na ndugu ni sehemu gani ya kihamba itaachwa kando ya maji, kupima na kuchimba mashimo, kuchanganya samadi, na kuchanga. Mashimo yanakaa wazi, mvua za Machi zikishika tunaotesha, na tunakutumia picha.

Ukoo ukiwa umekusanyika wote ndiyo nafasi ya kumaliza ubishi wa mipaka. Miti mingi zaidi tumeipoteza kwa ubishi huo kuliko kwa jua.

Nitajuaje hela haijaliwa?

Uliza, na usione aibu kuuliza. Watu wa mlima huu walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikafuata mwaka 1933. Kuweka fedha za wengi pamoja na kuzidai hesabu si jambo geni kwetu.

Kwetu utaratibu ni huu. Namba ya kulipia imesajiliwa kwa jina la kikundi. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kama kiongozi wetu, usitume. Kila anayetoa anapata stakabadhi, hata aliyetoa shilingi elfu moja. Kutoa fedha benki kunahitaji saini za watu watatu wasio wa familia moja, na mmoja wao lazima awe mwanamke anayeishi karibu na chanzo chenyewe. Vilivyotolewa kama vitu, yaani samadi, nguzo au siku za kazi, vinaandikwa kwenye daftari lile lile la fedha.

Kila baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yanasomwa mbele ya mkutano wa kijiji na kubandikwa ofisini kwa mtendaji. Kusomwa kwa sauti ndiko kunakosaidia. Mtunza hazina anasoma: nguzo, misumari, waya, usafiri wa samadi. Mama mmoja anasimama nyuma: "Mwanangu, huo waya uliobaki uko wapi?" Mtunza hazina anajibu uko nyumbani kwa mwenyekiti. Mkutano unasema uletwe hapa ofisini. Unaletwa wiki hiyo hiyo. Ukaguzi wa kitaalamu ni mzuri, ila hatujaona mkaguzi anayejua idadi ya nguzo kama mtu anayepita kando yake kila asubuhi akienda kuchota maji.

Tukikosea hesabu, inaandikwa na kusomwa kama ilivyo. Ukiwa mbali, tutakupigia picha kurasa za daftari.

Nasi tunataka kuanzisha kikundi kwetu. Tufanyeje?

Anzeni na kazi moja ndogo kabla ya katiba. Chagueni chemchemi au mtaro, fanyeni kazi miezi michache, muone ni nani anayekuja hata siku ya mvua. Hao ndio wanachama wenu. Kisha andikeni katiba fupi, pelekeni muhtasari kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, na mjisajili halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Usajili ndio unaowawezesha kufungua akaunti.

Ikiwa kazi yenu inahusu kugawana maji ya mto au mfongo, muulizeni pia Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zake zipo hapa Moshi. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji, na pengine kwenu ipo tayari. Kujiunga nayo ni bora kuliko kuanzisha ya pili itakayogombana nayo.

Mti ukishakua ni wa nani?

Ni wa mwenye ardhi. Kikundi hakidai tawi. Tunachoomba ni makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye saini ya mume na mke: miti iliyo kando ya maji haikatwi, ile ya mpakani anavuna mwenyewe ikikomaa. Kabla ya kukata mti wowote mkubwa, hata ulio kihambani kwako, pita ofisi ya misitu ya wilaya uulizie kibali.

Mtatupeleka kuotesha miti ndani ya hifadhi?

Hapana. Kule kuna TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na taratibu zake, na shughuli yoyote inahitaji ruhusa yao. Swali hili lina historia. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu ulitengwa ili wanakijiji wapate kuni, majani na mbao. Mwaka 2005 msitu ulipoingizwa kwenye hifadhi, akina mama waliozoea kuingia Nusu Maili kukata majani ya ng'ombe walijikuta upande wa pili wa mpaka. Manung'uniko hayo tunayasikia hadi leo na hatuyapuuzi. Jibu letu dogo ni kuotesha majani na miti ya kuni hukuhuku chini, ili asiwepo mama anayelazimika kukimbizana na askari kwa ajili ya mzigo wa kuni.

Sisi wa mjini tunaingiaje?

Kwa mitaro na mito. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na tofauti inaonekana, lakini chupa na vifungashio bado vinaziba makalvati kila masika. Moshi ina sifa ya usafi, na sifa hiyo imejengwa na watu wanaofagia mbele ya maduka yao kabla jua halijachomoza. Mtaa wenu ukichanga machepe, glavu na toroli, vikae kwa mtu mmoja anayeaminika, mmeshapiga hatua. Chupa wapeni wanaookota kuuza, zikiwa safi na zimetengwa. Na walio karibu na Msitu wa Rau wasiutupie taka. Ni msitu wa asili unaoishi kwa maji ya ardhini, na miji yenye kitu kama hicho mlangoni ni michache sana.

Mnapokea fedha kutoka nje ya nchi?

Tunapokea kutoka kwa mtu yeyote anayekubali masharti yale yale: hakuna tani, hakuna kibao, hesabu inasomwa hadharani kijijini. Mchango mmoja ukiwa mkubwa kuliko wa wenyeji wote kwa pamoja, tunaupeleka kwanza mkutanoni, na mara nyingine tunauomba ugawanywe kwa miaka kadhaa. Fedha nyingi kwa mkupuo huwafanya majirani waache kuja na majembe yao.

Naanzia wapi?

Pita ofisi ya kijiji au mtaa wako uulize kama kuna kikundi kinachotunza chanzo cha maji, na uombe kuona daftari lao. Likiwepo na likafunguliwa mbele yako bila kusita, changa huko huko kwenu kabla ya kuja kwetu. Lisipokuwepo, njoo siku ya kazi. Tunakutana Jumamosi saa moja asubuhi, siku ya msiba kijijini tunaahirisha. Vaa viatu vya kukanyagia tope, na ukiwa na chepe lako, lilete, kwa sababu tuliyonayo hayatoshi.